Walifunga Mguu, Wakasahau Mkono

Nyumbani kwa Wellars, pale Mbugangari, mtaa ulio jirani na mpaka wa Goma, kuna viti vinne vilivyonunuliwa siku moja, na kimoja bado kipya. Ni cha kwake. Mke wake, Mukagasana, huwaonyesha wageni kiti hicho kama wengine wanavyoonyesha picha ya harusi. "Angalieni, hata rangi haijatoka. Mutu wangu hajakikalia hata siku moja mpaka chai ikaisha." Wellars hunywa chai amesimama mlangoni, hula amesimama, na kanisani hukaa nyuma kabisa ili akitaka kutoka asisumbue watu, halafu anatoka na kuwasumbua vilevile. Akilazimishwa kukaa, goti lake la kulia huanza kurukaruka kama kuku aliyefungwa kamba.

Kazi yake ndiyo iliyomharibu, au labda aliharibika kwanza ndipo akaipata. Ni mnyonzi, mtu wa kubeba mizigo kwa baiskeli. Jua likichomoza yuko Bugeshi, juu kule chini ya volkano, ambako baridi huamka kabla ya watu. Anafunga magunia ya viazi kwenye baiskeli yake nzito ya chuma, anashuka nayo hadi sokoni mjini, kisha anapanda tena. Breki za baiskeli hiyo zilikufa zamani na hakuna aliyezililia. Mnyonzi hufunga breki kwa mguu: unarudisha kisigino nyuma, unakandamiza katambuga juu ya gurudumu, mpira unalia, viazi vinasali, na baiskeli inasimama ikipenda.

Kupanda nako kuna ujanja wake. Lori tupu linaloenda kuchukua viazi likipunguza mwendo mlimani, mnyonzi hunyoosha mkono wa kushoto, hushika chuma cha nyuma, na huvutwa juu kama bwana harusi. Sheria haipendi. Lakini madereva wa Bugeshi wanamjua Wellars kwa jina, na wengine hupunguza mwendo makusudi ili apate pa kushika, kama vile mtu anavyosogea kwenye benchi ili jirani akae. Kwa Wellars lilikuwa benchi hasa. Pale nyuma ya lori, miguu imetulia na mlima unajipanda wenyewe, ndipo mahali pekee duniani ambapo goti lake halikuwahi kuruka.

Sasa mtu wa namna hii ndiye binti yake aliyemwomba aingie naye kwenye mashindano.

Kabatesi ana miaka kumi na mitano na miguu ya watu wa upande wa mama yake, mirefu, isiyo na haraka. Alijifunza kuendesha kwenye ile ile baiskeli ya viazi, mguu mmoja umepita chini ya bomba, kisha akajiunga na klabu ya vijana wa mjini wanaokimbia kwa baiskeli za mlimani. Klabu ikatangaza: mashindano Bugeshi, wawili wawili, mzazi na mtoto wake, wamalize pamoja. Baiskeli wataazima. Na kulikuwa na jambo zaidi. Nyiramana, mwalimu wa timu ya wasichana na wavulana kule Musanze, mwanamke aliyekuwa akishindana mwenyewe mpaka goti lilipomkatalia, alisema atachukua watoto wa jozi tatu za kwanza wakafanye mazoezi na timu yake.

Mukagasana alisikiliza habari hiyo akipanga karoti kwenye beseni. Kila asubuhi huvuka mpaka kwenda kuziuza Goma, na hana muda wa habari ndefu.

"Bon," alisema. "Mukiwa ya tatu, aende Musanze. Mukikosa, Jumatatu asubui anaanza kushona kwa Murekatete. Cherehani iko pale, inamungoja. Mi sitaki mutoto wa kuzunguka kama nzi ndani ya chupa. Iko mumoja hapa, inatosha."

"Hiyo nzi ndiyo inakulisha," alisema Wellars, amesimama.

"Inanilisha vumbi."

"Mama, tutakuwa ya tatu," alisema Kabatesi.

"Na huyu? Huyu hawezi kumaliza hata misa."

Mazoezi ya kwanza yalimpa Mukagasana haki. Baiskeli ya kuazima ilikuwa nyepesi kama kitanda cha mtoto, na breki zake zilikuwa kwenye usukani, nzuri, zinashika ukizitazama tu. Wellars alizisifia sana. Kisha wakashuka kilima cha kwanza, naye akarudisha kisigino nyuma. Tairi lile lina meno. Lilimvua katambuga na kuitupa huko nyuma, ikampiga mbuzi wa watu, na mwenye mbuzi akataka kujua ni mchezo gani huo.

"Papa, breki iko ku mukono," alisema Kabatesi.

"Najua."

"Unajua na kichwa. Muguu haijui."

Walijaribu viatu vya kamba. Walijaribu kuimba wimbo wa kukumbushana. Mguu haukusikia muziki. Kwenye kila mteremko ulirudi kutafuta tairi. Mwishowe Kabatesi akakata vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, vile vile anavyofungia baba yake magunia, akafunga miguu yote miwili kwenye pedeli. Wellars alicheka, akasema amefunga mizigo mingi lakini hii ya leo ndiyo yenye kelele zaidi. Alianguka mara mbili kwenye kusimama, akajifunza kutafuta ukuta au mti kabla ya kusimama, na ikawa imekwisha. Mguu ulinyamaza. Hata nyumbani goti likapunguza.

Ila wasiwasi wa mtu haufungwi kwa mpira. Ulipanda juu. Vidole vya Wellars vikaanza kupiga ngoma kwenye kila kitu: meza, fremu ya mlango, sufuria, mgongo wa mke wake akiwa amelala. Mukagasana alilalamika. Hakuna mwingine aliyetia maanani.

Wellars alitoa amri moja tu kama mkubwa wa jozi. "We unafuata gurudumu yangu. Mi ninakata upepo, we unakaa nyuma, hutachoka. Umesikia?"

"Ndiyo, Papa."

Naye alifuata. Kila mazoezi, kila mlima, gurudumu lake la mbele lilikuwa pale pale nyuma ya lile la baba yake. Wellars alijivunia jambo hilo kwa wanyonzi wenzake. Ninamvuta kama gunia, aliwaambia, na halijawahi kudondoka.

Siku yenyewe Bugeshi ilikuwa imejifunika ukungu. Watu walijipanga juu ya kuta za mawe meusi ya volkano wakiwa na makoti, blanketi na mahindi ya kuchoma. Njia ilizunguka mara mbili: kupitia mashamba ya viazi, kushuka kwenye mikaratusi, kisha kurudi juu kwa barabara ya udongo. Barabara hiyo haikufungwa. Ulikuwa msimu wa mavuno, na viazi havingoji michezo, kwa hiyo mwandaaji alipita na kipaza sauti akisema kila mtu akae kulia na magari yatapita kushoto polepole. Wellars alikuwa tayari mstarini, amefungwa miguu, ameshika bega la binti yake ili asianguke, vidole vyake vinapiga ngoma kwenye bega hilo.

"Papa, tulia."

"Nimetulia."

"Mukono."

"Mukono iko inajitayarisha."

Karibu nao alisimama mtu mwenye hoteli kando ya ziwa, soksi nyeupe mpaka magotini, pamoja na mtoto wake wa kiume. Alimtazama Wellars miguuni, kisha kinga yake, kama huku wanavyoita baiskeli. "Muzee, hiyo kamba ni ya nini? Unaogopa kinga itakukimbia?"

"Ninaogopa mi ndiye nitaikimbia," alisema Wellars, na watu wa ukutani wakampa hiyo alama ya kwanza.

Mzunguko wa kwanza ulikwenda vizuri kiasi cha kumtisha. Mteremkoni mguu ulitaka kurudi nyuma, mpira ukaukatalia, mkono ukafunga breki kama mkono wa mtu aliyesoma. Mzunguko wa pili, walipotoka kwenye mikaratusi na kuanza mlima wa mwisho, walikuwa jozi ya nne. Mbele yao, umbali wa kutupa jiwe, zilikuwa soksi nyeupe. Kupita soksi hizo ndiyo Musanze. Kutozipita ndiyo cherehani.

Wellars alikanyaga. Mapafu yalikuwa yamempanda shingoni, jasho lilimwingia machoni, na soksi nyeupe hazikusogea karibu hata kidogo. Alitega sikio nyuma. Hakusikia pumzi ya binti yake. Maskini, alifikiri, hata pumzi imekwisha. Laiti ningekuwa na nguvu kidogo tu ya kumvuta.

Ndipo ikaja sauti anayoijua kuliko sauti ya mchungaji na padri wakiwekwa pamoja: lori tupu, gia ya pili, linakohoa. Lilikuwa la Juvénal, rafiki yake wa miaka yote. Juvénal akatoa kichwa dirishani.

"Eh Wellars, leo umevaa kama kasuku. Mulima iko inakuua?"

Na kwa roho nzuri, kama kila siku, akapunguza mwendo.

Kabla kichwa hakijasema lolote, mkono ulikuwa umekwisha kufika. Mkono wa kushoto ulinyooka wenyewe, ukapata chuma cha nyuma mahali pake, pale palipolainishwa na miaka ya kiganja hicho hicho, ukashika. Misuli ya bega ikanyooka. Miguu ikatulia. Mlima ukaanza kujipanda. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Wellars alikaa raha, akavuta pumzi, akafikiri jinsi Mungu alivyo mwema.

Soksi nyeupe zilipita kando yake zikielekea nyuma.

"Ariko... lakini..." alisema mwenye hoteli, mdomo wazi.

Hapo ndipo kichwa kilipofika mahali mkono ulipokuwa. Wellars aliona aibu kuanzia masikioni. Alitaka kuachilia, akatazama chini, akaona miguu yake miwili imefungwa kwenye pedeli kama mbuzi wa mnadani, mlima umesimama wima, changarawe inaruka. Akiachilia sasa ataanguka barabarani, mbele ya wanaokuja. Akaendelea kushika, akitafuta mti. Ukutani watu walimshangilia kwa moyo wote. Wao kila siku wanamwona akipanda hivyo hivyo na hakuna aliyeona kosa. Bibi mmoja alimpungia muhindi wa kuchoma.

"Papa, achilia." Sauti ya Kabatesi ilitoka nyuma, mbali. "Papa. Achilia."

Kwenye kona ya juu aliachilia. Akakanyaga mara mbili, hakupata mti wala ukuta, akaingia shambani na kulala ubavu katikati ya viazi, baiskeli bado imemvaa miguuni. Lori likaendelea. Juvénal alipiga honi ya kumtakia ushindi.

Mwamuzi alikuwa nyuma kwa pikipiki na alikuwa ameona yote. Alisimama, akavua helmeti taratibu, kama mtu anayejiandaa kuoga.

"Muzee. Ile ilikuwa nini?"

"Ilikuwa mukono," alisema Wellars kutoka kwenye viazi.

Mwamuzi hakuwa amemaliza hata kutikisa kichwa, Kabatesi akatokea kwenye kona. Alikuwa peke yake. Soksi nyeupe na mtoto wake hawakuonekana, walikuwa bado chini huko. Wellars alimtazama binti yake akiwa amelala, udongo mdomoni, na kitu kikamkaa vibaya. Lori lilikuwa limemvuta muda mrefu. Huyu alipaswa kuwa mbali.

"We umeshika lori gani?" aliuliza.

"Sijashika kitu."

Alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka kuchota maji kwa jirani. Wellars aliangalia kifua hicho kisicho na haraka, akakumbuka kimya alichokisikia nyuma yake mlima mzima, siku zote za mazoezi.

"Donc, kumbe siku zote ulikuwa..."

"Ulisema nifuate gurudumu yako."

Mwamuzi akainama, akang'oa namba kwenye usukani wa Wellars, kisha akanyoosha mkono kwa ya msichana. "Muko wawili, munatoka wawili. Pole, mutoto. Si kosa lako, lakini sheria iko hivyo."

Kabatesi hakulia. Alifungua namba yake mwenyewe, akaikunja, akampa. Kisha akauliza, kwa adabu, "Nikipanda tu kinga hapa barabarani, bila namba, iko kosa?"

Mwamuzi aliitazama barabara kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. "Barabara ni ya serikali. Kinga ni ya klabu, utairudisha. Panda."

Msichana hakuondoka. Alisimama akimtazama baba yake, na Wellars akaelewa anachongoja. Anangoja gurudumu la kufuata.

"Enda," alisema.

"Na we?"

"Mi ninatoa hii mipira. Enda, sha. Usiningoje tena."

Aliondoka. Wellars alimfuata kwa macho akiwa bado ubavuni, na kwa muda mfupi, kabla ukungu haujamficha, alimwona binti yake akiendesha bila mtu mbele yake. Hakuwahi kumwona hivyo. Mtu haoni kilicho nyuma yake.

Alikata mipira kwa jiwe, akaitupa baiskeli begani na kukimbia kupitia mashamba, akiomba radhi kwa kila aliyemkanyagia viazi. Alipofika mwisho wa njia, kipaza sauti kilikuwa kinataja jozi ya pili. Msichana asiye na namba alikuwa amekwisha kupita kabla yao, na mtangazaji alimpuuza kama mtu anavyopuuza mbuzi aliyekatiza uwanja. Soksi nyeupe walikuja wa tatu. Mwenye hoteli alipigiwa makofi, akamgeukia Wellars. "Muzee, ile kinga yako ya magurudumu sita inauzwa wapi?" Wellars akajipangusa udongo mdomoni.

Nyiramana alikuja akichechemea, saa ya kupimia shingoni.

"Huyu bila namba ni wa nani?"

"Wa mimi."

"We ndiye wa lori?"

"Ni mimi."

"Namba yake?"

"Nimemupotezea."

Nyiramana aliitazama saa yake. "Mzunguko wa kwanza nilikaa kwenye ule mulima. Niliona mutoto wako anafunga breki. Anapanda, muzee, na anafunga breki. Nikasema labda kinga imeharibika."

Vidole vya Wellars vilikuwa vimelala kwenye bomba la baiskeli.

"Siwezi kumuweka na wale watatu," Nyiramana aliendelea. "Niliahidi, na wazazi wao wananisikia hapa. Lakini Jumatatu asubui basi inakuja Musanze. Akipenda aje wiki moja nimuangalie. Sijasema nimemuchukua. Nimesema kumuangalia. Na aje yeye peke yake."

Nyumbani Mukagasana alikuwa amekwisha kusikia. Goma yote ilikuwa imekwisha kusikia. Mwenzake wa karoti ana shemeji Bugeshi. Alikuwa ameweka chai mezani na maneno tayari.

"Tulisema ya tatu. Si tulisema? Mumekuwa ya ngapi?"

"Hatukuwa," alisema Kabatesi.

"Basi Murekatete anamungoja. Mi sikuweka neno la wiki moja, sikuweka neno la kuangalia..."

Wellars alikuwa amevuta kile kiti kipya na kukikalia. Alikaa kwa mgongo wote, akachukua kikombe, akanywa, akakiweka, akabaki pale. Goti lake lilitulia. Mukagasana alimtazama mumewe, akamtazama binti, akamtazama tena mumewe.

"Uko mugonjwa?"

"Hapana. Kaa, Mama Kabatesi."

"Umevunjika mahali. Ulianguka. Sema ukweli, ni mugongo?"

"Kaa tuongee."

Alikaa, kwa woga zaidi kuliko utii. Wellars alimweleza polepole, bila utani hata mmoja, na hilo lilimtisha mkewe kuliko kiti. Kwamba yeye hakumvuta mtu. Kwamba mtoto alipanda milima yote akiwa amefunga breki ili asimgonge baba yake, na hakusema, kwa kuwa aliambiwa afuate. "Ukinambia tumeshindwa, ni kweli, tumeshindwa. Lakini yeye hajapimwa bado. Mi ndiye nilipimwa."

Alimaliza chai mpaka majani, amekaa. Mukagasana alitazama rangi ya kile kiti kwenye mkono wa kuegemea, mahali kiganja cha mumewe kilipokuwa, kama mtu anayehesabu hasara.

"Wiki moja," alisema mwishowe. "Cherehani haina miguu. Itangoja. Lakini akirudi, amerudi, na sitaki kusikia habari ya lori."

Jumatatu basi dogo la kwenda Musanze lilitoka stendi limejaa, baiskeli aliyoazimwa Kabatesi na klabu imefungwa juu pamoja na magunia, na Kabatesi mwenyewe kiti cha nyuma karibu na kioo. Wellars alikuwa ameaga vizuri, kama watu wote. Kisha akapanda baiskeli yake ya chuma, tupu, bila gunia, akasema anakwenda kuangalia viazi Nyakiriba, njia ile ile ya basi. Hakuna aliyemuuliza viazi gani.

Mlimani basi lilipunguza mwendo. Lilikohoa, likashika gia ya chini, na Wellars akalifikia. Nyuma ya basi palikuwa na ngazi ya kupandia mizigo, chuma safi, pale pale usawa wa bega. Mkono wa kushoto ulianza kunyooka.

Kwenye kioo cha nyuma Kabatesi aligeuka. Hakupunga. Aliinua kidole kimoja, akakitikisa taratibu, kushoto na kulia.

Mkono ukarudi kwenye usukani. Wellars akasimama juu ya pedeli na kukanyaga kwa miguu yake mwenyewe, mpaka basi likapita kona, na hata baada ya hapo, kana kwamba miguu bado imefungwa na hakuna mti karibu wa kusimamia.